Sabuni ya Bakteria: Kutoka Bogoria Hadi Chembe za Nano

Leo tunaweka msimbo kando kidogo tuongee kuhusu sabuni. Najua kuna mtu atasema, "Huyu naye kaishiwa na mada." Subiri kwanza. Sabuni ninayotaka kuizungumzia hutengenezwa na bakteria. Historia yake inapita Bonde la Ufa, inapita Gigiri, inapita hapa Loresho ninakoishi, halafu inaishia kwenye jambo ambalo sisi watu wa programu tunalijua sana, yaani kunakili.

Kilichonisukuma kuandika ni utafiti unaozidi kuongezeka katika majarida ya sayansi: kutumia chembe za nano kuwafanya bakteria watoe sabuni nyingi zaidi. Unachukua chembe ndogo mno za chuma, unatia kwenye chupa ya maabara yenye bakteria, na sabuni inaongezeka. Ni kazi nzuri. Lakini kila ninaposoma makala ya aina hiyo, jicho langu linakwenda kwanza kwenye sehemu ambayo wengi huiruka, ile inayosema bakteria alitoka wapi. Ukiijua historia ya maziwa yetu ya magadi utaelewa kwa nini.

Tuanze na msingi. Maji na mafuta hayaelewani, hilo kila aliyeosha sufuria ya nyama ya kukaanga kwa maji baridi analijua. Sabuni ni mpatanishi. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia inajichomeka kwenye tone la mafuta, vichwa vinabaki nje vikitazama maji, na tone zima linang'oka na kuondoka na maji. Molekuli za namna hiyo zinaitwa safaktanti, na zikitengenezwa na viumbe hai zinaitwa biosafaktanti. Mimi nitaendelea kusema sabuni ya bakteria, maana neno lile linachosha ulimi.

Bakteria anataka sabuni ya nini? Kula. Bakteria anayeishi karibu na mafuta hawezi kuyafikia kwa sababu mafuta yamejikunja kwenye matone, na yeye yuko majini. Basi anatoa sabuni yake, anayavunja matone kuwa vitone, kisha anakula. Wengine huitumia kutambaa juu ya sehemu ngumu, wengine kuwafukuza majirani. Mwaka 1949 Jarvis na Johnson, Wamarekani wawili, walieleza kemia ya sabuni moja kama hiyo kutoka kwa bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Ndiyo inayoitwa ramnolipidi. Mwaka 1968 Wajapani wakatangaza nyingine, safaktini, kutoka kwa Bacillus subtilis, ambaye ni ndugu wa karibu sana wa yule bakteria wanayemtumia kuchachushia maharagwe yao ya soya yanayonuka, natto. Safaktini ni kali ajabu. Kiasi kidogo tu kinatosha kushusha mvutano wa uso wa maji, ile ngozi inayomfanya mdudu atembee juu ya dimbwi bila kuzama.

Sasa, ikiwa bakteria wanatengeneza sabuni nzuri hivyo, inayooza yenyewe bila kuacha povu la miaka mitatu mtoni, kwa nini dukani hatuioni? Jibu ni bei. Sabuni za kawaida hutoka kwenye petroli au mafuta ya mawese, katika mitambo mikubwa iliyoboreshwa kwa miongo mingi. Bakteria wanatoa kidogo, tena wanatoa ndani ya maji mengi, na kuitenganisha sabuni na maji hayo ni gharama kubwa. Halafu kuna kichekesho kimoja ambacho wahandisi wa uchachushaji hawakicheki hata kidogo: bakteria wanahitaji hewa, unapuliza hewa kwenye tangi, na ndani ya tangi kuna sabuni. Matokeo yake unayajua ikiwa uliwahi kupuliza mrija kwenye maji ya kuoshea vyombo. Povu linapanda, linafurika, linaziba vichujio, na kazi inasimama.

Mwaka 1981 watafiti wa Kanada, Cooper na wenzake, waliligeuza tatizo hilo kuwa suluhisho. Kwa kuwa safaktini inajikusanya kwenye povu, waliacha povu litoke na kulikusanya mfululizo wakati bakteria wanaendelea kufanya kazi. Pia wakaongeza chumvi za chuma na manganizi kwenye chakula cha bakteria, na mavuno yakapanda. Naipenda kazi hii. Inaonyesha kwamba wazo la kumpa bakteria madini ili atoe sabuni zaidi lilikuwepo muda mrefu kabla ya neno nano kuanza kupamba vichwa vya makala.

Nano imeongeza nini basi? Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na chembe za nano kwa kawaida ni zile za nanomita 1 hadi 100. Unywele mmoja una upana wa nanomita kama 80,000. Ukisaga kipande cha chuma hadi kufikia udogo huo, eneo la uso wake linakuwa kubwa mno ukilinganisha na uzito wake. Chuma hicho kinaweza kuachiliwa polepole kwenye maji badala ya kumwagwa chote kwa mkupuo kama chumvi, na bakteria anakihitaji kwa sababu vimeng'enya vyake vingi havifanyi kazi bila chuma. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka Chuo Kikuu cha Houston, miligramu 1 tu ya chembe za chuma katika lita ya mchanganyiko iliongeza ukuaji wa bakteria na mavuno ya sabuni kwa zaidi ya nusu. Walipotia gramu 1, yaani mara elfu moja zaidi, ukuaji wa bakteria ulishuka sana na sabuni ikatoweka. Chuma kikizidi kinazaa kemikali kali za oksijeni zinazochoma seli kutoka ndani. Dawa ikizidi ni sumu, na hapa kati ya dawa na sumu ni kijiko tu.

Tena si bakteria wote wanaotaka hivyo. Kwa Pseudomonas ilionekana miaka ya 1980 kwamba kumpunguzia chuma ndiko kulikomfanya atoe ramnolipidi zaidi, kinyume kabisa na Bacillus. Kwa hiyo hakuna fomula moja. Kila bakteria ana mipangilio yake, na unatafuta ile inayofaa kwa kujaribu, kupima, kujaribu tena. Waliowahi kusaka usanidi bora wa hifadhidata iliyoelemewa wanaijua kazi hiyo. Ndiyo maana napenda kusema chembe za nano ni hatua ya mwisho mwisho, ile ya kukaza nati. Injini ni bakteria mwenyewe, na asiye na injini hana nati za kukaza.

Haya, turudi nyumbani. Kenya haina sabuni ya bakteria maarufu iliyotoka kwenye maabara yetu ikaenda sokoni. Lakini tuna kisa cha binamu yake. Ndani ya pakiti ya sabuni ya unga hakuna sabuni tu, mna vimeng'enya pia. Sabuni inang'oa mafuta. Vimeng'enya vinakata uchafu mgumu vipande vipande: damu, wanga, jasho. Vyote viwili vinaweza kutengenezwa na bakteria walewale wa jamii za Bacillus na ndugu zao, katika matangi ya aina moja, na tatizo ni lilelile la mavuno. Na baadhi ya vimeng'enya hivyo vimetafutwa kwetu.

Sababu ni magadi. Mama zetu wamekuwa wakitia magadi kwenye maharagwe na mahindi ili yaive upesi, na magadi hayohayo yana uwezo wa kung'arisha nguo. Maji ya sabuni ya unga ni ya alikali, na kimeng'enya cha kawaida kikitumbukizwa humo kinalegea na kufa. Unahitaji kimeng'enya kilichozoea maisha hayo. Mtafiti wa Kijapani Koki Horikoshi alianza mwaka 1968 kuwatafuta kwa makusudi bakteria wanaopenda alikali, na akafungua uwanja mzima wa sayansi. Mwaka 1987 kampuni ya Kao ya Japani ikaingiza sokoni sabuni ya unga iitwayo Attack yenye selulasi ya alikali kutoka kwa Bacillus mmoja. Selulasi hukata nyuzi ndogondogo zilizochomoza kwenye pamba, zile zinazoshika uchafu na kuifanya shati ionekane imechakaa. Pakiti zikawa ndogo, nguo zikawa safi, na kampuni nyingine zote zikaanza kuuliza: wapi tena duniani kuna bakteria wanaoishi kwenye maji ya sabuni?

Kwenye Bonde la Ufa, bila shaka. Bogoria, Nakuru, Elementaita, Magadi. Ziwa Bogoria lina pH ya karibu 10, na kando yake kuna chemchemi zinazotokota mvuke kiasi kwamba watalii huchemshia mayai. Kiumbe anayestawi hapo anaishi ndani ya sabuni ya moto tangu kuzaliwa, wala halalamiki. William Grant wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, alikuwa mmoja wa wanasayansi walioyachunguza maziwa haya kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu bakteria wake inatokana na kazi ya kundi lake. Mwaka 1992 sampuli zilichukuliwa. Baadaye kampuni ya Genencor ya California ilikuwa na selulasi mbili za biashara zilizohusishwa na maziwa hayo: Puradax ya sabuni ya unga na IndiAge ya kupausha jinzi.

Hiyo ya jinzi nieleze kidogo, maana inafurahisha. Rangi ya jinzi hukaa juu ya uzi, haiingii ndani. Zamani viwanda vilizifua jinzi pamoja na mawe ya volkeno ili zikwaruzwe na kupauka. Mawe yaliharibu mashine na kuacha changarawe mifukoni. Selulasi inafanya kazi hiyohiyo kwa kula uso wa uzi taratibu. Kwa hiyo huenda ile jinzi iliyopauka vizuri uliyoinunua Gikomba imeshaonja kimeng'enya chenye asili ya Baringo, ikazunguka dunia, kisha ikarudi ndani ya mtumba. Siwezi kuthibitisha kwa jinzi yako, usinishike shati.

Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza hadharani likasema halikuwahi kutoa ruhusa ya sampuli zile kuchukuliwa kwa ajili ya biashara, na likadai Kenya ipate mgao. Upande wa pili ukasema utafiti ulikuwa na vibali vya serikali na sheria haikuvunjwa. Magazeti yakaandika wizi, wengine wakaandika kelele tupu. Mimi nikitazama tarehe naona kitu kingine. Tarehe 22 Mei 1992, wajumbe wa mataifa walikubaliana kuhusu maandishi ya Mkataba wa Bayoanuwai, ule unaosema kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za kijeni na anayezitumia agawane faida. Walikubaliana wapi? Hapahapa Nairobi, kwenye makao ya UNEP, Gigiri. Mkataba ukatiwa sahihi Rio mwezi uliofuata, lakini ukaanza kufanya kazi Desemba 1993, na Kenya ikauridhia mwaka 1994. Kwa hiyo mwaka uleule ambao kalamu zilikuwa zikiandika sheria Gigiri, tope lilikuwa likijazwa kwenye vichupa huko Rift Valley. Mkataba haurudi nyuma. Kusema waliovunja mlango ni wezi ni rahisi, ila hapa mlango wenyewe ulikuwa bado kwa fundi.

Kenya ilitunga kanuni zake kamili za kupata rasilimali za kijeni na kugawana faida mwaka 2006. Miaka kumi na minne baada ya vile vichupa.

Na Bogoria si peke yake. Kuna dawa ya kisukari iitwayo akabosi, iliyouzwa na Bayer kwa jina Glucobay. Hutengenezwa na bakteria wa jamii ya Actinoplanes, na kundi lake lenye nambari SE50 linatajwa kuwa lilitoka Ruiru. Ndiyo, Ruiru hii ya Thika Road. Leo uzao wa bakteria huyo unajulikana kwenye hazina ya Marekani kwa nambari ATCC 31044, na kwa miaka mingi wanasayansi wamemboresha ili atoe dawa nyingi zaidi kwa kila lita. Hapo tena unaona mpangilio uleule: kutafuta ni mara moja, kuboresha mavuno ni miongo, na pesa ziko kwenye kuboresha.

Kwa watu wa programu, jambo la kushika ni hili. Genencor hawakuhitaji kurudi Bogoria na ndoo kila mwezi. Katika biashara ya vimeng'enya unachukua jeni moja, yaani mstari wa maagizo, unaihamishia kwa bakteria mwingine aliyezoea matangi ya kiwanda, na huyo ndiye anayefanya kazi usiku na mchana. Ziwa linabaki palepale, halipungui hata tone. Ndiyo maana neno wizi halikai vizuri, na ndiyo maana neno hasara nalo ni gumu kulieleza mahakamani. Ni sawa na kunakili msimbo: mwenye nao bado anao. Swali ni leseni. Programu huria inaweza kunakiliwa na kila mtu, lakini ina leseni inayosema masharti, na jina la mwandishi linabaki juu ya faili. Tope la Bogoria liliondoka bila faili ya leseni.

Mwaka 2007 mambo yalikwenda vizuri zaidi. Kampuni ya Novozymes ya Denmark ilitia sahihi makubaliano na KWS ya kutafuta viumbe wadogo kwenye mbuga, pamoja na mafunzo kwa Wakenya na malipo ya mrabaha ikiwa bidhaa itapatikana. Tena ikakubali kulipia Pulpzyme, kimeng'enya kinachopunguza matumizi ya klorini viwandani katika kung'arisha karatasi, kilichokuwa kimeshatokana na kiumbe wa Kenya kabla ya makubaliano. Ni mfano unaostahili kutajwa, kwa sababu unaonyesha kwamba kampuni kulipa haikuwa ndoto ya wanaharakati.

Lakini kulipa nani? Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo naona makala nyingi za bayoteknolojia hupita haraka. Kando ya Ziwa Bogoria waliishi Waendorois na mifugo yao. Kuanzia mwaka 1973 serikali iliwahamisha ili kutengeneza hifadhi ya wanyama. Walipoteza malisho, malambo ya chumvi ya mifugo, na sehemu zao za ibada. Walipeleka kesi hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 uliwapa ushindi: Kenya iwatambue kuwa wenye ardhi ile ya mababu, iwaruhusu kufika ziwani, iwalipe fidia, na iwapatie mrabaha wa shughuli za kiuchumi zinazofanyika pale. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua. Lakini fikiria: KWS inadai mgao kutoka California kwa jina la Wakenya, hifadhi yenyewe ikiwa chini ya serikali ya Baringo, na waliokuwa wakilitunza ziwa tangu enzi wamesimama nje ya ua. Katika mfumo wa kompyuta tungeuliza nani ana nywila ya msimamizi. Bogoria wasimamizi walikuwa zaidi ya mmoja, na mwenye nyumba hakuwa na akaunti.

Sasa Loresho inaingiaje? Ukifuata Kaptagat Road utapita makao makuu ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo lililorithi kazi za KARI kwa sheria ya mwaka 2013. Si mbali kuna kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Watu wengi wa mtaa huu wanapita hapo wakiwaza foleni ya Waiyaki Way tu. Lakini Upper Kabete, tangu miaka ya 1970, kumekuwa na kituo cha rasilimali za viumbe wadogo kilichoitwa MIRCEN, kilichoanzishwa kwa msaada wa UNESCO na UNEP. Kazi yake kubwa ilikuwa rizobia, bakteria wanaokaa kwenye mizizi ya maharagwe na kunasa naitrojeni ya hewani. Kituo kilikusanya aina mbalimbali, kikazipa nambari, kikazikuza, kisha kikazipakia pamoja na masimbi yanayobaki kwenye vichujio vya viwanda vya sukari. Kitu ambacho kiwanda kingetupa kikawa nyumba ya bakteria. Bidhaa ikaitwa Biofix. Mkulima anachanganya unga huo na mbegu kwa maji yenye kitu cha kunata kidogo, anapanda siku hiyohiyo, na anapunguza gharama ya mbolea. Mwaka 2008 kampuni ya MEA ilianza kuizalisha kwa leseni ya chuo kikuu.

Rudia hapo: kwa leseni ya chuo kikuu. Bakteria walikusanywa hapa, daftari likawekwa hapa, na kampuni ililazimika kuketi mezani. Hakuna aliyeita hiyo bayoteknolojia ya hali ya juu. Ni pakiti ya unga mweusi ya kuuza kwa mkulima wa Vihiga au Embu. Kwangu mimi ni kisa kinachostahili umaarufu kuliko kile cha jinzi, kwa sababu mnyororo mzima ulionekana, kuanzia mzizi wa mmea hadi risiti ya duka la pembejeo.

Ujuzi wa maziwa ya magadi nao haukubaki Leicester. Hamadi Boga wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ambaye baadaye alikuwa katibu katika wizara ya kilimo, ni mmoja wa Wakenya waliowachunguza bakteria wa maziwa kama Elementaita na Magadi pamoja na wanafunzi wao. Kwa hiyo injini tunazo, na mafundi tunao. Mtu akitaka kujaribu chembe za chuma kwa Bacillus wa Bogoria, vifaa vya hatua ya kwanza si vya kutisha: chupa, mashine ya kutikisa, kipimo cha mvutano wa uso wa maji, na molasi ya kuwalisha. Kugeuza chupa kuwa tangi la kiwanda ndilo jambo jingine. Kampuni ya Evonik ya Ujerumani ilifungua kiwanda cha ramnolipidi nchini Slovakia mwaka 2024, na haikumtumia yule Pseudomonas wa 1949, kwa sababu anaweza kuwaambukiza wagonjwa. Walihamishia jeni zake kwa ndugu yake mpole, Pseudomonas putida, anayekula sukari. Kunakili tena.

Na siku hizi kunakili hakuhitaji hata kichupa cha tope. Mfuatano wa jeni ni maandishi ya herufi nne, A, T, G na C, na hupakiwa kwenye hifadhidata za umma kama GenBank, iliyoanza mwaka 1982. Mtu aliyeketi popote anapakua faili, anaagiza kampuni imtengenezee jeni hiyo, na kuitia kwenye bakteria wake. Hakuna mpaka, hakuna forodha, hakuna askari wa KWS wa kukagua begi. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika 2014, iliandikwa ikiwaza vitu vya kushikika. Ndiyo sababu nchi zilibishana kwa miaka mingi, na mwaka 2024 huko Cali, Kolombia, zikakubaliana kuanzisha Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025. Kampuni kubwa zinazonufaika na data za mfuatano wa jeni zinatakiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya pesa inakusudiwa kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Ni hiari, lakini. Kila mtengenezaji wa programu aliyewahi kuweka kitufe cha "changia" kwenye tovuti yake anajua hiari huleta kiasi gani.

Mimi si mpenzi wa kufunga data. Programu huria zimenilisha, na hifadhidata za wazi za jeni zinawasaidia wanafunzi wetu kuliko zinavyowaumiza. Kinachonikera ni faili isiyo na jina la mwandishi. Kwa muda mrefu ungeweza kupakia mfuatano wa bakteria bila kusema alitoka nchi gani. Tangu mwaka 2023 hifadhidata tatu kubwa zinazoshirikiana, za Marekani, Ulaya na Japani, zimeanza kudai nchi na tarehe ya kuchukuliwa sampuli kwa maingizo mapya. Ni sehemu mbili ndogo kwenye fomu. Sehemu ya nambari ya kibali haimo kati ya zile za lazima, na ya jina la jamii inayoishi kando ya ziwa pia haimo. Ukipata makala mpya ya chembe za nano na sabuni ya bakteria, pita kwanza kwenye maelezo ya bakteria, chukua nambari yake ya hifadhi, uitafute, uone kama mstari wa nchi umejazwa au umeachwa mtupu.